Sikio lisilokauka: tuliyojifunza kuhusu saratani ya mfereji wa sikio

Saratani ya mfereji wa sikio ni nadra. Duniani hukadiriwa mtu mmoja hivi kati ya watu milioni moja kwa mwaka. Tabibu wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu kule Bwera au Busia, Uganda, anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asikutane nayo. Sikio linalotoa usaha anakutana nalo kila wiki. Ugonjwa huu unafanana na kitu ambacho kila mtu anaamini anajua kukitibu, na hivyo miezi inapita. Mgonjwa anakuja na chupa tupu mkononi: "Musawo (daktari), niandikie tena yale matone ya juzi." Anaandikiwa. Baadaye zinakuja sindano, kisha majani ya kukamua, kisha mafuta ya moto, na anapofika kwa daktari wa masikio, pua na koo mdomo umeshapinda upande mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni lini uache matone. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, hakikisha iliwahi kufika. Usaha mzito ukijaa mferejini, matone yanaelea juu yake na kumwagika shingoni. Sikio hukaushwa kwanza kwa utambi wa pamba au karatasi laini iliyosokotwa, utambi ukibadilishwa mpaka utoke mkavu. Kisha mgonjwa alale ubavu, sikio bovu juu, zidondoshwe tone 3 au 4, kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu kibonyezwe mara kadhaa ili kusukuma dawa ndani, na abaki hivyo dakika 5. Sikio lililotibiwa namna hii kwa wiki mbili hadi tatu na bado linachuruzika halihitaji chupa nyingine. Linahitaji mtu wa kulitazama kwa taa na kifaa cha kufyonza uchafu.

Kuna dalili zinazofuta hata subira hiyo ya wiki mbili. Damu ndani ya usaha bila jeraha. Maumivu yanayomwamsha mgonjwa usiku, makubwa kuliko kile unachokiona kwa macho. Hapa pana jambo linalosaidia sana: sikio la usaha wa miaka mingi, lenye kiwambo cha sikio kilichotoboka, kwa kawaida haliumi. Mzee aliyeishi na sikio linalotoa maji tangu utotoni, na sasa ghafla anashika kichwa usiku, ana jambo jipya juu ya lile la zamani. Dalili nyingine ni kinyama chekundu ndani ya mfereji kinachotoka damu ukikigusa, uvimbe mbele ya sikio, taya kushindwa kufunguka vizuri, na uso kulegea upande mmoja. Huo wa mwisho ukija, ugonjwa umeshakwenda mbali.

Yapo magonjwa yanayofanana nayo, na kuyapima ni rahisi. Mwenye kisukari anaweza kupata maambukizi makali yanayokula mfupa wa sikio, mara nyingi ya bakteria aina ya Pseudomonas, yenye maumivu na vinyama vilevile. Pima sukari, lakini sukari ikiwa juu usijipe jibu hapohapo, maana mwenye kisukari naye huugua saratani. Kifua kikuu cha sikio kipo. Pima pia HIV, kwa sababu kinga ikishuka saratani za aina hii hupata nafasi, na mpango wa matibabu hubadilika. Kwa watu wenye ualbino, saratani huanza zaidi kwenye ngozi ya sikio la nje kutokana na jua na kuingia mferejini kutoka huko. Kwao tazama nyuma ya sikio na ukingo wake kabla hujaingiza taa ndani.

Mambo mawili ya kutofanya: usipige maji ya bomba la sindano kwenye sikio linalotoka damu, na usiweke matone ya jentamaisini pale ambapo kiwambo kimetoboka au hujui hali yake, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuua usikivu wa ndani.

Jibu halitoki kwa macho. Linatoka kwenye kipande cha nyama, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Kosa la kwanza ni kuchukua ngozi ya juu. Juu ya uvimbe kuna usaha, tishu iliyokufa na vinyama vya uponyaji. Ukikwangua hapo maabara itaandika "uvimbe wa muda mrefu, hakuna saratani", nawe utakuwa umempa mgonjwa cheti cha kukaa nyumbani. Safisha kwanza, choma ganzi ya lignokeini yenye adrenalini kwenye ngozi ya mfereji, subiri dakika kadhaa ngozi ipauke, kisha kwa koleo dogo lenye kikombe uchukue vipande viwili au vitatu, kimoja kikitoka kwenye ukingo ambapo uvimbe unakutana na ngozi nzima, vingine vikienda chini. Damu itatoka. Utambi wenye adrenalini ukibanwa dakika chache hutosha mara nyingi. Lakini ukiona uvimbe mwekundu-samawati unaodunda pamoja na mapigo ya moyo nyuma ya kiwambo, ondoa mkono: huo huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu, na picha ya CT inatangulia.

Kosa la pili ni chupa. Kipande kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ambayo hupatikana kwa sehemu moja ya formalini ya dukani na sehemu tisa za maji, ikiwezekana yaliyotiwa chumvi za kuzuia tindikali. Ujazo uwe angalau mara kumi ya kipande. Ukikiweka kwenye maji ya dripu kikasafiri kwa basi la usiku kutoka Arua hadi Kampala, kinafika kimeoza, na daktari wa patholojia hana cha kusoma. Chupa yenye mdomo mwembamba nayo ni tatizo: nyama inaingia laini, inatoka ngumu na imekwama. Andika kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, jina, tarehe, na sikio la kulia au la kushoto. Kwenye fomu eleza sikio limetoa usaha kwa muda gani, maumivu, hali ya uso, HIV, sukari. Msomaji wa hadubini aliyeambiwa "sikio, usaha" tu hana sababu ya kutafuta zaidi.

Kosa la tatu ni kuamini jibu moja la "hakuna saratani" wakati sikio linasema vingine. Kama maumivu na damu vinaendelea, rudia, tena kwa kina zaidi, hata chini ya nusukaputi.

Saratani inayopatikana zaidi ni ya seli bapa za ngozi. Zipo pia za tezi za nta, na mojawapo, ile inayoitwa adenoidi sistiki, ni ya hila: inakua polepole, inauma sana, inafuata neva, na inaweza kutokea mapafuni miaka mingi baada ya sikio kupona. Mwenye hiyo hafungiwi faili baada ya miaka mitano.

Baada ya jibu, picha. CT ya mfupa wa sikio ikatwe vipande vyembamba, milimita 1 au chini yake. CT ya kawaida ya kichwa yenye vipande vya milimita 5 haionyeshi mfupa ulioliwa kidogo, na mgonjwa hulazimika kulipa mara ya pili. Andika hivyo kwenye fomu kabla hajapanda gari. MRI, picha ya sumaku, huongezwa ili kuona tezi ya mate, neva na utando wa ubongo. Shingo na kifua navyo vipigwe picha. Kipimo cha usikivu kifanyike kwa masikio yote mawili, na kwa nini lile zima lina umuhimu tutaliona kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Ili kuelewa picha hizo, kumbuka mfereji ulivyo. Una urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni gegedu, na gegedu hilo lina mianya ya asili inayoelekea tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ndiyo sababu saratani ndogo ya nje inaweza kuibukia shavuni bila kugusa mfupa. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba sana. Mbele yake kuna kiungo cha taya, nyuma mfupa wa mastoidi wenye vyumba vya hewa na neva ya uso, juu utando wa ubongo.

Kupanga hatua za ugonjwa, madaktari wengi hutumia mgawanyo wa Pittsburgh, kuanzia T1 hadi T4. T1 ni uvimbe ulio ndani ya mfereji bila kula mfupa. T2 umekula mfupa kidogo bila kuutoboa, au umeingia nyama za jirani kwa chini ya nusu sentimita. T3 umetoboa mfupa wa mfereji au umeingia sikio la kati au mastoidi. T4 umefika sikio la ndani, mshipa mkuu wa damu, utando wa ubongo au kiungo cha taya, umezidi nusu sentimita kwenye nyama laini, au uso umelegea. Wa T1 na T2 wengi wanapona wakitibiwa vizuri. Kwa T4, wanaofika miaka mitano mara nyingi ni chini ya nusu. Umbali kati ya makundi hayo mawili, kwa wagonjwa wengi, ni zile chupa za matone.

Upasuaji ndio nguzo pale ambapo uvimbe unaweza kutolewa wote. Neno la kushikilia hapo ni "wote", na kwa kipande kimoja. Jambo linaloharibu kesi nyingi ni upasuaji wa kwanza uliofanywa kwa kudhani ni usaha wa kawaida: mastoidi inachimbwa, vinyama vinatolewa vipandevipande, jibu la maabara linarudi baada ya mwezi na linasema saratani. Sasa seli zimetawanyika kwenye shimo lote na hakuna anayejua mpaka uko wapi. Ndiyo maana sikio lenye kinyama kinachotoka damu lisipelekwe kuchimbwa kabla ya jibu la nyama.

Utaratibu wa kawaida kwa T1 na T2 ni kutoa mfereji mzima pamoja na mfupa wake. Ngozi hukatwa nyuma ya sikio. Mdomo wa mfereji unakatwa ukiwa na ukingo wa ngozi nzima na kushonwa ufungwe, ili uvimbe usimwagike kwenye kidonda. Mastoidi inachimbwa kwa drili chini ya darubini, neva ya uso inatafutwa na kulindwa, kiungo kati ya fuawe na kikuku, vifupa vidogo vya sikio la kati, kinatenganishwa, kisha mfupa wa mbele karibu na taya unaachiliwa na bunda lote linatoka: mfereji, kiwambo, nyundo na fuawe. Kikuku hubaki. Mara nyingi sehemu ya juujuu ya tezi ya mate hutolewa pamoja, na tezi za shingo zikiwa na dalili husafishwa pia. Shimo linajazwa kwa msuli wa panja au nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kukata mfereji wa nje peke yake bila mfupa ni kwa uvimbe mdogo sana wa sehemu ya gegedu tu, na sisi tunaona watu wanauchagua mara nyingi kuliko inavyostahili kwa sababu ni mwepesi.

Mgonjwa aambiwe mapema kwamba sikio hilo halitasikia kwa njia ya hewa tena. Usikivu utashuka kwa desibeli 50 hadi 60, lakini sikio la ndani likiwa zima, kifaa kinachotikisa mfupa, hata kile cha kuvaa kwa mkanda wa kichwani, kinaweza kumrudishia mengi. Kama neva ya uso ilikatwa au imelegea, jicho ndilo la kuangaliwa kila siku: machozi ya dukani mchana, marhamu ya macho usiku, kope zifungwe kwa plasta kabla ya kulala. Usiweke pamba juu ya jicho lililo wazi, inakwangua kioo chake.

Kwa T2 na kuendelea, au kingo za kipande zikiwa na seli, au tezi za shingo zikiwa zimeguswa, mionzi hufuata, ianze ndani ya wiki sita baada ya upasuaji. Kiasi cha kawaida ni Gy (grei, kipimo cha mionzi) 60 hadi 66, kikigawanywa Gy 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa hiyo vipindi 30 hadi 33. Ni wiki sita au zaidi kidogo.

Kwa mgonjwa wa hospitali za umma Uganda hilo kwa kawaida linamaanisha Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanza mwaka 1967. Wengi bado wanakumbuka mwaka 2016, mashine ya zamani ya kobalti ilipokufa, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi mpaka mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Leo kuna mashine zaidi, na kinachovunja matibabu mara nyingi ni kitanda cha kulala na nauli. Mtu wa Kasese au wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hawezi kwenda na kurudi kila siku. Asipokuwa na pa kukaa Kampala kwa wiki hizo zote, atakatisha katikati, na kwenye saratani za kichwa na shingo kila siku inayorukwa hupunguza uwezekano wa kudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hivi. Tafuta malazi kabla ya kupima barakoa ya mionzi, ile inayoshikilia kichwa kisisogee. Na kwa anayezungumza Kiswahili tu, aje na msaidizi anayejua Luganda au Kiingereza siku ya mpango na siku ya kusaini fomu. Kusubiri mtu wa kufasiri koridoni hakufai kwa uamuzi wa namna hiyo.

Meno yakaguliwe kabla. Jino bovu likiwa kwenye eneo la mionzi ling'olewe, na pengo lipewe angalau wiki mbili kupona, kwa sababu kung'oa baada ya mionzi kunaweza kuacha taya lisilofunga kidonda. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa kubonyezwa, isipakwe chochote muda mfupi kabla ya kipindi, isipigwe na jua. Kinywa kitakauka na taya litakaza. Mazoezi ya kufungua mdomo yaanze siku ya kwanza, mara kadhaa kwa siku, kabla ya kusubiri likaze.

Kemo peke yake haiponyi saratani hii. Inaongezwa kwenye mionzi pale hatari ni kubwa, mara nyingi sisiplatini miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili kila wiki. Mtu mwenye eneo la mita za mraba 1.5 anapata miligramu 60. Dawa hiyo hupita kwenye figo, kwa hiyo kreatinini ya damu inapimwa kabla ya kila dozi na dripu ya chumvi haipunguzwi ili kuharakisha foleni. Inaweza pia kupunguza usikivu wa sikio lililobaki. Mtu aliyetolewa sikio moja akapoteza la pili kwa dawa amelipa bei kubwa mno. Akianza kusikia mlio au sauti nyembamba kupotea, aseme kabla ya dozi inayofuata. Na kama sikio hilo la pili lilikuwa bovu tangu mwanzo, daktari ajue mapema, maana zipo njia nyingine.

Uvimbe ukishaingia ubongoni au kuzunguka mshipa mkuu, mionzi na kemo vinaweza kutolewa bila kisu, au mionzi michache ya kutuliza, kwa mfano Gy 20 kwa vipindi 5. Hapo maumivu ndiyo kazi kubwa. Uganda ina bahati katika hili: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilizoesha nchi mofini ya kunywa, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Mtu mzima asiyewahi kuitumia huanza na miligramu 5 kila saa 4, au 2.5 akiwa mzee au dhaifu, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamke usiku wa manane. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Nguvu ya chupa hutofautiana kwa rangi, hivyo usihamishe mofini kwenye chupa ya soda. Soma lebo kila unapopokea mpya. Harufu ya kidonda hupungua kwa unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, ukinyunyizwa baada ya kusafisha.

Aliyemaliza matibabu arudi kila mwezi mmoja hadi mitatu mwaka wa kwanza, kisha kwa nafasi zaidi. Saratani za seli bapa zikirudi, nyingi hurudi ndani ya miaka miwili. Picha ya msingi ipigwe miezi mitatu hivi baada ya mionzi, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Pale ambapo tundu la sikio lilishonwa, hakuna kitu cha kuona kwa taa, na picha, hasa MRI, ndiyo jicho. Pale lilipoachwa wazi, shimo husafishwa na daktari kila baada ya miezi kadhaa, halichokonolewi kwa kijiti. Mfupa mweupe uliofunuliwa, wenye harufu, ukionekana miaka kadhaa baada ya mionzi, unaweza kuwa mfupa uliokufa kwa mionzi yenyewe na wala si saratani iliyorudi. Kwa macho havitofautiki vizuri. Kipande kichukuliwe tena, kwa uangalifu na kidogo, kwa sababu mfupa huo hauponi upesi ukikwanguliwa.